Kutoka "Ndiyo Mzee" hadi Bungeni: Nafsineni na Msanii katika Safari ya Kisanaa ya Profesa Jay

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za Bongo Fleva kwa muda mrefu umeegemea upande wa dhamira. Mhakiki huteua nyimbo kadhaa, hubainisha dhamira za rushwa, ukosefu wa ajira, mapenzi au UKIMWI, kisha huonyesha namna zinavyosawiri hali ya jamii. Mkabala huo umefanya kazi kubwa. Tasnifu ya Shani Omari (2009), iliyochunguza ushairi wa hip hop ya Tanzania kama fasihi pendwa, pamoja na makala ya Alex Perullo (2005) kuhusu hip hop na utambulisho wa vijana wa Dar es Salaam, zimesaidia kuuondoa muziki huu katika fungu la uhuni na kuuweka mezani pa watafiti. Hata hivyo, liko swali ambalo uhakiki wa dhamira hauwezi kulijibu peke yake: katika wimbo wa hip hop, ni nani hasa anayesema "mimi"?

Swali hilo ni zito zaidi linapohusu kazi za Joseph Haule, afahamikaye kwa jina la kisanii la Profesa Jay. Mwaka 2001 msanii huyu alitoa wimbo "Ndiyo Mzee", ambao unamkejeli mwanasiasa anayewaahidi wapiga kura mambo yasiyowezekana. Mwaka 2015 msanii huyohuyo alipanda jukwaani kuomba kura, akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Mikumi, mkoani Morogoro, kwa tiketi ya CHADEMA. Tukio hilo limezaa usomaji wa aina mbili. Usomaji wa kwanza huliona kama usaliti: aliyewacheka wanasiasa amekuwa mwanasiasa. Usomaji wa pili huliona kama utimilifu: aliyeukosoa uongozi mbovu ameamua kuongoza mwenyewe. Makala haya yanashikilia kuwa usomaji wote huo una kasoro moja. Kila mmoja unachukulia kwamba sauti iliyomo katika wimbo ndiyo sauti ya Joseph Haule, ilhali umbo la wimbo wenyewe linakataa kusomwa hivyo.

Ili kuijenga hoja hii, makala yanatumia dhana ya usemezano ya Mikhail Bakhtin, inayoeleza kuwa kila usemi huelekezwa kwa msikilizaji na hubeba ndani yake jibu linalotarajiwa. Dhana hiyo inaoanishwa na mapokeo ya kujibizana katika ushairi wa Kiswahili, ambayo ni makongwe kuliko nadharia yenyewe.

2.0 Msanii na Zama Zake

Joseph Haule alizaliwa mwaka 1975. Alikua katika miaka ambayo redio ilikuwa ya Serikali na muziki uliotawala ulikuwa dansi, taarabu na kwaya. Alipofikia ujana, mambo yalikuwa yakibadilika kwa kasi. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa mwaka 1992, na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi vya redio. Kundi la Kwanza Unit lilikwishaanza shughuli zake Dar es Salaam katika miaka hiyo, na kufikia mwaka 1998 Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama Mr. II na baadaye Sugu, alikuwa ametoa "Hali Halisi", wimbo uliotamka waziwazi manung'uniko ya vijana dhidi ya dola. Hivyo, ukosoaji wa kisiasa ulikuwamo katika hip hop ya Kiswahili kabla Profesa Jay hajawa na jina kubwa. Mchango wake unapaswa kutafutwa kwingine.

Haule alianza kujulikana akiwa mmoja wa wasanii wa kundi la Hard Blasters, wakati huo akitumia jina la Nigga Jay. Albamu ya kundi hilo, Funga Kazi (2000), yenye wimbo "Chemsha Bongo", ilipata wasikilizaji nje ya mzunguko wa vijana wa mjini. Sababu zake ni za kilugha na za kiutunzi. Wimbo uliwataka vijana watafakari maisha yao, na ulifanya hivyo kwa Kiswahili chepesi kufuatika, chenye vina vya mwisho vilivyo wazi na visa vilivyopangwa kwa utaratibu wa hadithi. Mzazi aliyezoea mashairi ya magazetini au utenzi wa shuleni hakuhitaji mkalimani ili kuuelewa.

Mabadiliko ya jina kutoka Nigga Jay hadi Profesa Jay yanaenda sambamba na mwelekeo huo. Jina la kwanza lilikopwa pamoja na mavazi na mikogo ya hip hop ya Marekani. Jina la pili linamweka msanii katika nafasi ya mwalimu, nafasi ambayo jamii ya Waswahili imekuwa ikimpa mshairi kwa karne nyingi. Tangu hapo msanii anadai heshima ya mjuzi, na dai hilo ndilo litakalompa taabu baadaye, kwa kuwa mwalimu hupimwa kwa mwenendo wake na si kwa somo lake tu. Albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Machozi, Jasho na Damu (2001), iliyorekodiwa chini ya mtayarishaji P-Funk wa Bongo Records, ndiyo iliyobeba "Ndiyo Mzee".

3.0 "Ndiyo Mzee" kama Ngonjera Iliyopinduliwa

Kwa kawaida "Ndiyo Mzee" huainishwa kama tashtiti dhidi ya viongozi. Uainishaji huo ni sahihi lakini haukamiliki, kwa sababu unaangalia beti na kukisahau kiitikio. Wimbo una pande mbili. Katika beti anasema mgombea. Msanii hamsimulii mgombea huyo kwa nafsi ya tatu, bali anakitwaa kinywa chake na kuhutubia kwa nafsi ya kwanza. Ahadi zinapangwa moja baada ya nyingine, na kila moja inaongeza chumvi juu ya iliyotangulia, hadi kufikia wanafunzi kupelekwa mwezini kwa ajili ya masomo yao ya vitendo. Katika kiitikio wanasema wananchi, na wanachosema ni neno moja la kukubali.

Umbo hili lina asili mbili zinazotambulika. Asili ya kwanza ni mkutano wa hadhara wa kisiasa, ambamo mzungumzaji hutamka kauli ya kuanzia na umati humalizia. Mtanzania yeyote aliyesoma shule ya msingi katika miaka ya chama kimoja alijifunza kuitikia "Kidumu!" kabla hajajua maana ya kilichopaswa kudumu. Mwitikio wa namna hiyo hauombi kufikiri. Unaomba pumzi tu. Profesa Jay anauchukua mwitikio huo, anauweka mahali pa kiitikio cha wimbo, na kwa kuurudiarudia anaufanya usikike upya. Takriri, ambayo katika nyimbo nyingi husaidia kumbukumbu na burudani, hapa inageuka kuwa ushahidi.

Asili ya pili, ambayo haijapewa uzito unaostahili, ni ngonjera. Utanzu huu ulikuzwa na Mathias Mnyampala na kuenezwa na chama cha UKUTA katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika ngonjera, wahusika wawili au zaidi hulumbana. Mmoja hajui au hakubali, mwingine anajua, na mwishoni yule asiyejua huelimika na kukubali. Kukubali ndiyo hatima ya ngonjera, lakini ni kukubali kunakopatikana kwa hoja, angalau kwa mujibu wa kanuni za utanzu. Asiyejua hupewa beti zake na haki ya kuuliza na kubisha.

"Ndiyo Mzee" inabakiza hatima ya ngonjera na kuondoa malumbano. Wananchi wanakubali tangu mwanzo, na wanakubali vivyo hivyo ahadi ya kawaida na ahadi ya kichaa. Hakuna swali linaloulizwa, wala beti ya upinzani. Msikilizaji aliyelelewa katika mapokeo ya kujibizana, tangu mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hadi mabishano ya washairi wa magazetini, anaisikia nafasi tupu pale ambapo jibu lilipaswa kuwepo. Kwa lugha ya Bakhtin, mgombea anasema akiwa na uhakika wa jibu, na kwa kuwa jibu halitabadilika, maneno yake hayana tena wajibu wa kuwa kweli. Uongo wake unakua kwa kulishwa na ukimya wa wasikilizaji.

Hapa ndipo ukosoaji wa wimbo unapoelekea pasipotarajiwa. Mgombea anachekesha, lakini kiitikio kinatia uchungu. Katika onyesho la jukwaani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hadhira iliyolipa kiingilio ndiyo inayoimba kiitikio. Watu wanaocheka upumbavu wa umati wanajikuta ndio umati. Tashtiti hiyo haimwachi msikilizaji akae pembeni na kunyoosha kidole kwa viongozi peke yao. Msanii mwenyewe baadaye alitoa wimbo "Siyo Mzee", ambao kwa jina lake tu unaonyesha kwamba tatizo aliloliona lilikuwa katika jibu sawasawa na lilivyokuwa katika ahadi.

4.0 Uwezo na Mipaka ya Nafsineni

Mbinu ya kuvaa sauti ya mtu mwingine haipatikani katika wimbo huo pekee. Katika "Zali la Mentali" anayesema ni kijana fukara anayeangukiwa na bahati ya kupendwa na mwanamke tajiri. Katika "Nikusaidieje" anayesema ni mtu mwenye jina, ambaye watu wanamwendea na maombi wakiamini kuwa jina ni sawa na fedha. Katika "Bongo Dar es Salaam" sauti ni ya mwenyeji anayeuchora mji na werevu wa watu wake. Mtunzi anayeweza kubadilisha wasemaji kwa kiasi hiki anafanya kazi iliyo karibu na ya mtambaji wa hadithi, ambaye huigiza sungura na fisi bila mtu kumdhania kuwa mmojawapo.

Ubora huo usifunike udhaifu. "Zali la Mentali" ina ucheshi na mtiririko mzuri wa matukio, lakini mwanamke aliyemo hana nia inayoeleweka. Anapenda, anatoa, na kazi yake inaishia hapo. Umaskini wa kijana umechorwa kwa vitu vinavyoonekana, ilhali utajiri wa mwanamke hauna chanzo wala historia. Mtunzi aliyeupa umati wa "Ndiyo Mzee" kiitikio, hata kama ni cha neno moja, hapa amemnyima mhusika mkuu wa pili hata hilo. Aidha, katika albamu zilizofuata, zikiwemo Mapinduzi Halisi (2003) na J.O.S.E.P.H (2006), zipo nyimbo ambamo nafsineni inajitambulisha moja kwa moja kuwa msanii na kutoa nasaha au majigambo. Nyimbo za namna hiyo zina nguvu ya utamkaji, lakini hazimwachii msikilizaji kazi kubwa ya kufasiri.

"Nikusaidieje" inahitaji kutazamwa kwa karibu kwa sababu inakamilisha hoja iliyoanzia katika "Ndiyo Mzee". Katika wimbo wa awali, aombaye ni mgombea na watoao ni wananchi, nao wanatoa bila kuuliza. Katika wimbo wa baadaye, waombao ni watu wa kawaida, na aombwaye anajibu kwa swali. Ndipo swali lililokosekana mkutanoni linaposikika, ingawa linaulizwa na aliye juu kwa walio chini. Mtu anayeulizwa asaidiwe vipi anatakiwa aeleze shida yake kwa usahihi. Kisanaa, hapa ndipo Profesa Jay alipoligusa suala la uwakilishi miaka mingi kabla ya kuwa mwakilishi.

5.0 Kinyago na Sura: 2015 hadi 2020

Profesa Jay hakuwa wa kwanza kutoka studio kwenda bungeni. Sugu alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Lakini njia za wasanii hawa wawili hazifanani kisanaa. Katika nyimbo zake za siasa Sugu alizungumza zaidi kwa sauti yake mwenyewe, kama mlalamikaji, hivyo ubunge wake ulionekana kuwa mwendelezo wa malalamiko. Profesa Jay alikuwa ameigiza sauti ya mgombea na kuifanya ichekwe. Alipopanda jukwaa la kampeni mwaka 2015, alisimama mahali palepale ambapo kinyago chake kilisimama mwaka 2001, akiwa na kipaza sauti kilekile na umati uleule wa kuitikia.

Wanaosema kuwa huo ulikuwa usaliti wanadhani wimbo uliahidi kitu kwa niaba ya mtunzi, yaani kwamba hatagombea. Wimbo haukuahidi hivyo. Anayesema ndani yake ni mgombea wa kubuni, na mtunzi hafungwi na kiapo cha mhusika wake. Wanaosema kuwa ulikuwa utimilifu nao wanadhani wimbo ulikuwa ilani ya mtunzi, kwamba kumcheka kiongozi mbaya ni kujitangaza kuwa kiongozi mwema. Hilo pia halimo katika wimbo. Kilichomo ni kipimo: ahadi lazima ikutane na swali. Kipimo hicho kikishatungwa si mali ya mtunzi tena, na kinaweza kutumika kwa mtu yeyote anayeomba kura, akiwemo aliyekitunga.

Kwa maana hiyo, kugombea kwa Profesa Jay kuliupa wimbo hadhira ya tatu. Hadhira ya kwanza ilikuwa ya redio na kaseti, ya pili ya maonyesho. Ya tatu ilikuwa ya wapiga kura wa Mikumi, ambao waliujua wimbo kabla hawajamsikia mgombea. Ni wanasiasa wachache sana walioingia katika kampeni wakiwa wamewapa wapiga kura silaha ya kuwapima. Haiyumkiniki kutathmini utendaji wa mbunge katika kazi ya uhakiki wa fasihi, na makala haya hayakusudii kufanya hivyo. Linaloweza kusemwa ni kwamba mtunzi alibeba gharama ya kisanaa. Wimbo wake uliovuma akiwa mbunge, "Kibabe", ni wa majigambo, utanzu ambao msanii anajitukuza kwa sauti yake. Kinyago cha mgombea kilikuwa hakivaliki tena, kwani sura iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imekwisha kufanana nacho kwa cheo.

Gharama hiyo inaonekana vizuri zaidi ikitazamwa pamoja na hali ya wasanii wengine wa wakati huo. Mwezi Machi 2017, Ney wa Mitego alikamatwa kutokana na wimbo wake "Wapo" na kuachiwa muda mfupi baadaye. Tashtiti ilikuwa bado ina kazi, na ilikuwa na hatari. Mtunzi aliyekuwa na ufundi mkubwa wa kuificha sauti yake nyuma ya mhusika, ufundi ambao kihistoria umewalinda washairi katika nyakati ngumu, alikuwa ameuacha ufundi huo ili azungumze kwa jina lake katika ukumbi wenye kanuni zake. Swali kama Bunge lilipata zaidi ya kile ambacho ushairi ulipoteza haliwezi kufungwa kwa hesabu, lakini halipaswi kupitwa kimya na mhakiki wa fasihi. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 Haule hakurejea bungeni.

6.0 "Siku 462": Kurejea kwa Sauti Isiyo na Kinyago

Mwanzoni mwa mwaka 2022 msanii alilazwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili akiwa katika hali mbaya. Wananchi, wasanii wenzake na viongozi wa vyama mbalimbali walijitokeza kumjulia hali na kumchangia, na Serikali ikatangaza kubeba gharama za matibabu yake. Aliporejea kwa umma mwaka 2023, alirejea na wimbo "Siku 462", jina linalohesabu muda wa mapambano yake na maradhi. Vilevile alianzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo.

Kwa vigezo vya utunzi vilivyotumika katika sehemu ya 3.0, wimbo huu ni mwepesi. Hauna mhusika wa kubuni, hauna kejeli, na ujumbe wake unatamkwa wazi. Lakini kuupima kwa vigezo hivyo pekee ni kuukosea utanzu wake. "Siku 462" ni wimbo wa shukrani, na katika ushairi wa Kiswahili shukrani iko jirani na dua. Utanzu huo unadai nafsineni na mtunzi wawe kitu kimoja, kwa sababu shukrani inayotolewa kwa kinywa cha mwingine haijatolewa. Aliyeitwa mzee na umati wa kubuni sasa ndiye anayeuitikia umati halisi. Upande wa kujibu, uliokuwa wa wananchi katika "Ndiyo Mzee", ameuchukua yeye.

Hata hivyo, shukrani ina utata wake. Msanii aliyeikosoa dola amesaidiwa na dola, na msomaji mwenye haraka anaweza kuuona wimbo kama kusalimu amri. Ushahidi wa umbo hauungi mkono hitimisho hilo. Anayeshukuru hapa ametaja alichopewa na muda alichokipokea, na hilo ni tofauti kubwa na kuitikia ahadi ambayo haijatimizwa. Wananchi wa "Ndiyo Mzee" walikubali kabla ya kuona lolote. Msemaji wa "Siku 462" anakiri baada ya kuona.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maisha ya Profesa Jay hayawezi kutumiwa kama ufunguo wa kazi zake bila kwanza kuuliza nani anasema katika kila wimbo. "Ndiyo Mzee" imesomwa kama ngonjera iliyonyang'anywa malumbano, ambamo lawama inagawanywa kati ya anayeahidi na anayeitikia. Kutokana na umbo hilo, kugombea kwa mtunzi mwaka 2015 hakukuwa usaliti wa wimbo wala utimilifu wake. Kulikuwa ni kujiweka chini ya kipimo ambacho wimbo ulikwisha kukitoa kwa umma. Vilevile, imebainika kuwa ufundi wa kuvaa sauti za wengine, ambao ndio mchango wake mkubwa katika ushairi wa hip hop, ulipungua nafasi kadiri jina lake lilivyokuwa kubwa, na kwamba ufundi huo haukuwatendea haki wahusika wote kwa kiwango sawa, hususani wanawake.

Matokeo haya yana maana kwa ufundishaji. Wimbo kama "Ndiyo Mzee" unapoingizwa darasani kama mfano wa dhamira ya uongozi mbaya, mwanafunzi hujifunza kumcheka kiongozi na kuishia hapo. Ukifundishwa pamoja na ngonjera za miaka ya 1970, na mwanafunzi akatakiwa kuandika beti za maswali ambazo wananchi wa wimbo hawakuziimba, atatambua kuwa kiitikio nacho kina wajibu. Watafiti wengine wanaweza kuufuata mwelekeo huu kwa kuchunguza nafsineni katika kazi za wasanii wa hip hop ambao hawakuingia katika siasa, ili ijulikane ni kwa kiasi gani kinyago hudumu pale ambapo sura ya mtunzi haijapanda jukwaa lingine.